Dakika Saba za Maajabu na Ulimi wa Neema

Wadogo zangu wa studio, mmenisumbua tangu siku ya keki ya kuniaga niandike kitu kabla sijasahau. Sijasahau chochote, lakini nimekubali, kwa sababu mvua ya Butembo imenifungia ndani na kalamu ninayo. Vyeo vyangu sitaviandika. Viko ndani ya dosie kule sekretarieti, na panya wanavisoma. Mshahara nao ulikuwa mfupi, kwa hiyo habari yake ni fupi. Nitaandika juu ya kipindi.

Kipindi kiliitwa Dakika Saba za Maajabu. Kilianza Butembo, kikahamia pamoja nami kwenye redio dada yetu ya Beni, na kilitoka kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla tu ya matangazo ya vifo. Nafasi hiyo sikuichagua. Watu walifungua redio mapema wasije wakakosa kusikia nani amefariki, na huku wanangoja na sahani ziko mezani, ilibidi wanisikilize mimi. Wasikilizaji wangu wengi niliwapata kwa msaada wa marehemu, na siwezi kujisifu kwa hilo.

Niliajiriwa kusoma hayo matangazo ya vifo. Nilitoka shule ya masista, Kifaransa changu kilikuwa kimepigwa pasi, na sauti yangu, walisema, inafaa msiba. Siku yangu ya pili, mtu wa kipindi cha maarifa aliugua malaria, na mkurugenzi akanipa ukurasa uliochanwa kutoka gazeti la Kifaransa. Ulisema kwamba kuna mnyama wa baharini mwenye mioyo mitatu. Ni pweza. Sasa hapa kwetu milimani nani amewahi kumwona pweza? Hata hilo jina la Kiswahili sikulijua. Nikasema ni mnyama wa majini, hana mfupa hata mmoja, ana mikono minane na mioyo mitatu, nikanyamaza, kwa sababu ukurasa ulikuwa umechanika hapohapo. Asubuhi yake mwanamume mmoja alikuja mlangoni kuuliza mnyama huyo anauzwa soko gani. Na mama mmoja akatuma ujumbe kwamba ukiwa na mioyo mitatu una wivu mara tatu, na kwamba yeye alimhurumia mke wa mnyama huyo.

Hivyo ndivyo nilivyopewa kipindi. Yule mwenye malaria alipona, lakini aliporudi alikuta watu wanamwulizia yule mama wa mioyo mitatu.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Papa Kakule, fundi wa mitambo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Sikio moja lilikufa kwa sababu ya jenereta, na bisibisi aliitia ndani ya soksi. Alinifundisha kurudisha kaseti kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri, kushika karatasi mbali na maikrofoni isije ikalia, na kutokunywa soda kabla ya kwenda hewani. Alikuwa pia shemasi katika kanisa lake la Kiprotestanti, na huko baraza halipokei mashtaka juu ya mtu bila mashahidi wawili. Siku moja akaniambia:

"Sione sababu ule munyama wa baari akoseshwe haki ile batu ya kanisa biko nayo."

Basi nikanunua daftari. Kila ajabu niliiandika juu, na chini yake nikaacha mistari miwili ya mashahidi. Ikipata mmoja tu, inangoja. Ziko ajabu zilizongoja miaka, na nyingine zinangoja mpaka leo katika sanduku langu.

Vyanzo vilikuwa vya kubahatisha. Pale uwanja wa ndege wa Rughenda kulikuwa na mpakiaji mizigo aliyeniwekea magazeti yaliyoachwa na marubani wa ndege ndogo. Mengi hayakuwa na kurasa za mwisho, na ndiyo maana mimi najua mwanzo wa mambo mengi sana. Mapadre walinikopesha vitabu, ila walitaka virudi bila madoa ya chai. Wachungaji walinikopesha vichache zaidi, lakini hawakuuliza habari ya chai. Mashahidi wengine walikuwa watu. Niliposema juu ya Ruwenzori kuna barafu ya kudumu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, mkulima mmoja wa Kipese alituma barua kwamba redio imeanza kudharau wakulima. Nikamtafuta mlinzi wa mbuga kule Mutwanga aliyekuwa amepanda mpaka juu. Akaniandikia kwamba amelala karibu na hiyo barafu, meno yake yaligongana usiku kucha, na hatarudi huko. Nikaisoma barua yote hewani. Mtu wa Kipese hakujibu, ila alituma gunia la viazi, nami nikalihesabu kuwa jibu.

Ikweta yenyewe, inayopita kusini kidogo ya Butembo, ilinipa kazi ya juma zima. Waliuliza kama inaonekana, kama ng'ombe wanaihisi, kama mtu anaweza kujikwaa juu yake. Okapi naye alinipa siku mbili. Wataalamu wa Ulaya walibishana sana kama yupo au hayupo, mpaka wakaletewa ngozi, na wakati huo wote watu wa msituni walikuwa wanamjua hata ladha yake.

Kisha ikaja intaneti, kwanza kwenye chumba chenye kompyuta tano na feni moja, baadaye kwenye simu za kila mtu. Ajabu ya kwanza niliyoitoa huko ilihusu intaneti yenyewe: moja ya kamera za kwanza kabisa kuunganishwa na mtandao wa kompyuta iliwekwa kuchunga birika la kahawa, ili wasomi wa chuo kimoja cha Uingereza wasitembee bure na kulikuta tupu. Nchi yetu hii ya kahawa iliipokea vibaya. Mzee mmoja alipiga simu hewani:

"Mama, siye tunalima kahawa tangu batata na bababu yetu. Kuionja tu, bado. Na bale banaiwekea mulinzi?"

Nikaingiza matangazo ya vifo.

WhatsApp ilipofika, mambo yaligeuka. Zamani mimi ndiye niliyewapelekea watu maajabu, sasa wao waliniletea, arobaini kwa siku: samaki mwenye uso wa mtu, mti unaotoa damu, ujumbe unaosema usipoutuma kwa watu ishirini utapata msiba. Ajabu hizo hazikuwa na baba wala mama. Nikagundua kwamba mashahidi wawili wa intaneti mara nyingi ni shahidi mmoja aliyebadilisha shati. Dawa yake niliipata mwenyewe, na nawaachia: tafuteni kosa. Kurasa mbili zikikosea neno lilelile mahali palepale, zimenakiliana, mzihesabu kuwa moja. Kwa hila hiyo nimezika maajabu mengi, na nilijiona mjanja.

Sasa nifike kwenye habari ya ulimi, maana najua ndiyo mnayoisubiri, na mmeisimulia kwenye korido kwa namna nisiyoipenda.

Nilikuwa nimeshahamia Beni. Ukurasa mmoja wa intaneti ulisema kwamba watu wengine wanaweza kukunja ulimi kwa pande mbili ukawa kama mfereji, wengine hawawezi, na kwamba ni jambo la urithi. Nikatafuta shahidi wa pili. Nikafungua kitabu changu cha biolojia cha shule, kile cha masista chenye gamba la kijani, nikaikuta habari ileile, na mchoro juu. Kosa la maandishi halikufanana. Mmoja ni intaneti, mwingine ni masista. Ningetaka nini zaidi?

Nikaenda hewani. Niliwaambia watu watoe ulimi hapo mezani wajaribu. Nikasema hakuna anayejifunza, mtu anazaliwa nao. Kisha nikaongeza, kwa sauti yangu ya msiba: "Baba asipoweza, na mama asipoweza, mtoto hawezi." Upande wa pili wa kioo mafundi walikuwa wanatoleana ndimi kama mbuzi. Nilitoka nikicheka. Katika daftari, pembeni, niliandika: nzuri sana.

Siku kumi baadaye, asubuhi, mwanamke aliketi kwenye benchi ya mapokezi pamoja na mtoto wa kike wa miaka kama tisa. Alikuwa amevaa kitenge kilichofuliwa vizuri na hakuwa na mkoba. Mtoto alikuwa ameingiza kidevu ndani ya shingo ya sweta.

"Mama, ni weye unasemaka maajabu ku radio?"

"Ni mimi."

"Basi uniangarie muzuri. Ajabu yako ya ulimi, njo mimi."

Aliitwa Kahindo. Ameolewa Mutwanga na mkulima wa kahawa anayeitwa Kasereka, na wana watoto watano. Jioni ile walikuwa mezani, ugali na sombe ya majani ya muhogo, redio juu ya kabati. Kasereka alijaribu kukunja ulimi, haukukunjika. Kahindo, hapana. Watoto wanne, hapana. Aliyebaki, Neema, aliukunja bila shida, akafurahi, akasimama juu ya kiti ili wote waone.

"Ule mwaka wa mimba ya Neema, bwana yangu alikuwaka Kipese, kununua maharagi. Anaenda, anarudia. Donc alianza kuesabu miezi. Sahani yake hakuimaliza. Asubui akaniambia: 'Rudia kwenu Beni. Na ule wako, uende naye.' Ule wako, Mama. Mutoto alisikia."

"Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimuambia siyue mwanaume mwingine. Akasema: 'Radio itadanganya juu ya nini? Radio haikuyue.'"

Nilimwambia tunaweza kuandaa tangazo. Akakataa kabla sijamaliza.

"Communiqué, hapana. Ile ni ya bafu, na mi siko mufu. Kile kitu ulikitosha na kinywa, ukirudishe na kinywa."

Nikamgeukia mtoto, nikamwomba anionyeshe ulimi. Sijui nilitaka nini, labda nilitumaini kwamba walikosea kuangalia. Neema alibana midomo mpaka ikawa myeupe. Mama yake akasema tangu siku ile hakunji tena, na shuleni Beni, walikomwandikisha, anakataa kusoma kwa sauti. Mwalimu anadhani ni bubu.

Niliona aibu. Naandika neno hilo jinsi lilivyo, kwa sababu katika stori zenu za korido mnasema nilikasirika. Nilikasirika baadaye.

Nilimpigia mwalimu wa biolojia wa chuo kikuu kimoja cha Butembo. Kwanza alicheka, kisha nilipomweleza akaacha kucheka. Alisema hicho kitu kimekaa katika vitabu vya shule miaka mingi kwa sababu ni rahisi kufundisha, lakini si kweli namna hiyo. Wazazi wasioweza wanazaa watoto wanaoweza. Watoto wengine wanajifunza wakicheza. Hata mapacha wa kufanana, waliotoka yai moja, unakuta mmoja anaweza na mwenzake hawezi. "Kwa ulimi," alisema, "huwezi kumjua baba wa mtu." Nilimwomba aniandikie, akaandika.

Mkurugenzi wa Beni, kijana mzuri tu, alinisikiliza huku akigonga meza kwa kalamu.

"Mama Masika, likambo te, hakuna neno. Radio haiombake musamaa, inakamilisha. Utasema: 'kwa kukamilisha kipindi chetu.'"

"Sikamilishi. Nilikosea."

"Tukianza kusema tulikosea, kesho batasema hata bafu tuliotangaza hawakukufa."

Hapo ndipo nilipokasirika. Nilimwambia kwamba kuna mtoto huko nje aliyefunga kinywa kwa ajili ya kinywa changu, na kama hataki, nitakwenda kusimama sokoni na kipaza sauti cha kanisa. Aliacha kugonga meza. Nikapewa siku tatu mfululizo. Siku zote tatu nilisema neno lilelile: nilikosea, ulimi si ushahidi, nilichosema juu ya wazazi na watoto si kweli. Nilisoma barua ya mwalimu. Sikuweka muziki.

Jibu la Mutwanga lilikuja kupitia dereva wa pikapu, na lilikuwa fupi. Kasereka alisema familia ya mke wake imeilipa redio. Na kwa kweli, kwa nini asiseme hivyo? Kila mtu anajua matangazo ya redio yanalipiwa. Nilipokosea alinisadiki bure, na niliposahihisha alitaka kuona risiti.

Jioni ile nilimpigia Papa Kakule, ambaye alikuwa ameshastaafu, yuko nyumbani Butembo na kuku wake. Nilimsimulia yote kwa sauti kubwa, upande wa sikio zima.

"Bale bashahidi yako babili," akasema, "uliuliza kama banakulaka ku sahani moja?"

Sikuwa nimeuliza. Mwandishi wa intaneti na masista wangu walikuwa wamekula kwenye sahani moja ya zamani, kila mmoja na kijiko chake. Kosa la maandishi halikufanana kwa sababu kosa lilikuwa ndani ya habari yenyewe.

"Na tena," akasema Papa Kakule, "ulimi haionekanake mu radio. Utafute batu. Bapasa."

Nikatangaza kwamba mapacha wa kufanana wanaombwa kufika redioni. Kwa siku mbili nilisimama uani nikiwaambia watu wazima watoe ulimi, na mlinzi wa lango alianza kunisalimia kwa mbali. Jozi ya kwanza waliweza wote wawili. Ya pili hawakuweza wote wawili. Ya tatu, ya nne na ya tano vilevile, wote au hakuna, na nikaanza kuogopa kwamba masista walisema kweli. Jozi ya sita walikuwa dada wawili wanaouza vitunguu sokoni, Jeanne na Jeannette, watu wazima wanaofanana mpaka kwenye pengo la jino. Jeanne alikunja ulimi kama bomba. Jeannette alisukuma, akakodoa macho, ulimi ukabaki bapa. Nilimkumbatia Jeannette. Hakuelewa amefanya nini, maana hakuwahi kusifiwa kwa kushindwa.

Tulikwenda Mutwanga siku ambayo madereva walisema njia inapitika. Pikapu ilikuwa na mimi na wale mapacha wawili, Kahindo, Neema, na magunia ya chumvi. Kuhusu njia ile sitaandika mengi. Mnaijua, na mnajua hofu ya wenye bunduki inayofanya watu wasizungumze sana pale katikati. Neema alikaa juu ya gunia, kidevu ndani ya sweta, akiangalia mlima. Kahindo hakumwomba atulie wala asimame. Alimshika kisigino tu, safari nzima.

Familia ilikutana uani kwa baba yake Kasereka, mzee Mbusa, kando ya majamvi ya kahawa inayokauka. Walikuwepo wajomba wawili, nyanya wa watoto, na majirani ambao hawakuitwa. Kasereka alikaa mwisho wa benchi. Nilikuwa nimemfikiria kuwa mtu mkubwa wa kutisha. Alikuwa mwembamba, amenyoa ndevu vibaya, na watoto wake wanne walisimama nyuma yake kama wanaosubiri picha.

Nilisimama nikasema mimi ndiye niliyesema redioni, na nilikosea. Mjomba mmoja akasema sauti yangu inafanana na ya redio lakini kwenye redio ninaonekana mrefu. Nikawaita Jeanne na Jeannette. Niliwaomba wazee wawatazame kwanza, wakawatazama mpaka masikio. Mzee Mbusa akauliza:

"Ni mimba moja?"

"Mimba moja, tata moja, saa moja," Jeanne akajibu. "Mi nilitanguliaka."

Kisha wakatoa ndimi. Nyanya akapiga makofi. Mzee aliwaambia warudie, akasogea karibu, akawaambia warudie tena. Nyuma yangu majirani wote walikuwa wameshaanza kujaribu. Hakuna aliyehitaji barua ya mwalimu, ilibaki mfukoni mwangu.

"Bien," akasema mzee. "Ile likambo imeisha. Bibi arudie mu nyumba yake."

Nilidhani nimemaliza kazi. Nilikuwa tayari naangalia pikapu.

"Hapana, Tata," Kahindo akasema. Hakupaza sauti. "Mi nilikaa na huyu bwana miaka kumi na tatu. Radio ilikaa naye dakika saba. Aseme mbele ya huyu mutoto ni sababu gani aliamini radio."

Kasereka aliangalia mikono yake. Nilifikiri atasimama aondoke, na nafikiri hata yeye alifikiri hivyo. Alipoanza kusema hakumwangalia mke wake, wala wazee.

"Niliogopa," akasema. "Ile tu. Nyuma, mukiisha kuenda, nilianza kujaribu. Kila asubui, nyuma ya depo ya kahawa, na kioo ya pikipiki. Nilisema: ikikunjika hata mara moja, naenda Beni, nabaleta bote babili. Haikukunjika. Siku zote hizi haikukunjika." Akapangusa uso. "Mi nilitaka ikunjike."

"Tuonyeshe," mzee akasema.

"Tata..."

"Tuonyeshe."

Basi mtu mzima mwenye watoto watano akatoa ulimi mbele ya ukoo wake. Alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ulimi ulitoka mrefu, bapa kama soli ya ndala, ukatetemeka, ukabaki bapa. Wajomba waliangua kicheko. Nyanya alijifunika kitenge usoni. Kasereka hakuacha. Alivuta pumzi, akajaribu tena, na machozi yalikuwa yanamtoka, ya aibu au ya kusukuma, sikujua.

Neema alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Kidevu kilitoka kwenye sweta.

"Hapana vile, Papa," akasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Hapana kusukuma mbele. Ufinye pembeni. Na meno." Akatembea mpaka kwenye benchi, akamshika baba yake kidevu kwa vidole viwili, akafungua kinywa chake mwenyewe na kumwonyesha. Ulimi ukajikunja mzuri kabisa. "Uone? Pembeni."

Kasereka aliangalia. Alijaribu. Mtoto akatikisa kichwa, akasema tena, naye akajaribu tena. Wazee walianza kuzungumza habari ya kahawa. Mimi nilikwenda kusimama kando ya pikapu, kwa sababu mtu wa redio hajui kukaa mahali ambapo hakuna la kusema.

Kahindo hakurudi siku ile. Alirejea Beni pamoja nasi, na Neema pia. Kasereka alikuja mara mbili kwa baba mkwe wake na hakupewa kiti mara ya kwanza. Kahindo alirudi Mutwanga baada ya mavuno ya kahawa, siku aliyoichagua mwenyewe, na sikumwuliza sababu. Mwalimu wa Beni aliniambia kwamba kabla ya kuondoka Neema alikuwa anasoma kwa sauti, tena kwa haraka mno.

Kuhusu kazi, nilibadilisha daftari. Chini ya mashahidi wawili niliongeza mstari wa tatu: nani atapimwa kwa hii leo jioni? Pweza hapimi mtu. Barafu haipimi mtu. Lakini damu, ulimi, macho, ndoto, siku ya kuzaliwa, hivyo vinaingia nyumbani kwa watu na kuketi mezani. Maajabu mengi ya kupendeza niliyaacha kwa ajili ya mstari huo, na wasikilizaji wengine walilalamika kwamba kipindi kimezeeka. Kilikuwa kimezeeka. Nilikiendesha miaka mingine miwili, nikampa mwenzenu Justine, anayekiendesha vizuri, ila anakunywa soda kabla ya kwenda hewani.

Siku yangu ya mwisho, mlipokuwa mnakata ile keki na mkurugenzi anasoma hotuba juu ya vyeo vyangu, simu ilitetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Mutwanga. Nilitoka uani kuusikiliza, na ndiyo sababu mkanikosa kwenye picha. Alikuwa Kasereka. Kwa nyuma kuku walisikika, na mtu alikuwa anacheka.

"Mama, wasingya, asante. Nilisema nikuambie leo, mbele uache kazi. Hii asubui imejikunja kidogo, upande ya kuume. Neema anasema hiyo haiesabiwe."